Jaribu Tena, Kipenzi

Sogeeni ndani, nyie mlioko kizingitini, maana habari ya Bi Kheri haisimuliwi kwa sauti ya kufika barabarani.

Kulikuwa na nchi. Jina lake halitajwi, si kwa woga, hasha; kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali hufunguliwa siku ambayo haijatangazwa. Nchi yenyewe ilikuwa na amani tele. Ilikuwa na Wizara ya Amani, Wizara ya Utulivu, na Wizara ya Kusimamia Utulivu Usizidi. Na siku Waziri wa Herufi, Mheshimiwa Daktari Kapandila, alipogundua kwamba watoto wanafika darasa la tatu bila kuijua A, hakuuliza walimu wamekwenda wapi. Alijua walipo. Alikuwa amewahamishia wizarani waandike taarifa ya kwa nini watoto hawaijui A.

Suluhisho likapatikana: mchezo wa kompyuta. Kila nyumba yenye mtoto mdogo ingepewa kishikwambi kimoja, ndani yake jogoo anarukaruka na herufi mgongoni. Mtoto anabonyeza, herufi inajitaja, nyota zinamwagika, ujinga unakwisha. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa sauti. Walijaribu kwanza sauti ya Mheshimiwa mwenyewe, watoto wa majaribio walilia mpaka wakatapika, na taarifa ikaandikwa kuwa "wameguswa sana." Wakajaribu ya msomaji wa taarifa ya habari, watoto wakasikiliza kwa adabu na hawakuamini hata neno moja.

Ndipo wakasikia habari za Bi Kheri wa Mtaa wa Majengo Mapya, mtaa uliopewa jina hilo enzi za babu yake na haujaongezewa tofali tangu hapo.

Bi Kheri alikuwa mama wa mwili na wa maneno. Alikaanga kachori, lakini biashara yake hasa ilikuwa watu. Ukitaka kujua nani kaposwa, nani kaachika, nani kaonekana alfajiri akitoka kwa nani, hukuhitaji gazeti. Ulihitaji kikombe cha chai na nafasi kwenye mkeka wake. Nyumba ikiwa na wageni wachache alisema inamuuma kichwa. Na magharibi ikikaribia, alisimama barazani akamwita mjukuu wake, Mize, mtoto wa bintiye aitwaye Somoe:

"Mizeee!"

"Abee, bibi!"

Mize alitokea mbio, vumbi mpaka masikioni, na nyuma yake nusu ya watoto wa mtaa, ambao hakuna aliyewaita. Sauti ile ilikuwa hivyo. Ilikuwa na kitu kama sufuria linalochemka, kama mlango ulioachwa wazi. Bwana Tindwa, Afisa Sauti wa Kata, ambaye kazi yake ilikuwa kupima kelele za mitaa zisivuke kiwango, alikwenda kuisikiliza na kipimo chake mkononi. Alipozinduka akajikuta njiani anarudi kwa mama yake.

Bi Kheri akachukuliwa, akaingizwa kwenye chumba kilichozungushiwa magodoro ukutani. Akasoma herufi zote. Akasoma majina yote ya watoto ambayo wizara iliweza kuyafikiria. Akasema, "Hewala, mwanangu, umepatia!" Akasema, "Siyo hiyo, kipenzi. Jaribu tena, sina haraka."

"Sasa cheka, mama," wakamwambia.

"Nicheke nini, na hamjanichekesha?"

"Mheshimiwa amekuja kukupa hotuba ya hamasa."

Akacheka. Wakarekodi.

"Sasa nyamaza."

"Kwani nilikuwa nasema?"

"Tunarekodi kimya chako, mama. Kati ya herufi na herufi lazima pawe na kimya. Kikiwa cha mtu mwingine watoto watajua."

Akakaa pale ananyamaza, huku taa nyekundu ikimwangalia, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akahisi kuna mtu anampekua. Walipomaliza wakampa mwavuli wenye nembo ya wizara.

* * *

Mchezo ulipozinduliwa, Mkuu wa Nchi aliusifia saa nzima bila kuuona. Basi shwari. Mpaka siku ile Bwana Tindwa alipobisha hodi kwa Bi Kheri mchana kweupe, ameshika sukari na majani ya chai, ameinamisha kichwa.

"Pole sana, Bi Kheri."

"Pole ya nini, baba? Nani kafa?"

"Ndilo nililokuja kukueleza."

Bi Kheri akaweka mwiko chini. Msiba ni msiba, lakini habari ni habari. "Nambie basi. Mzee wa duka la taa?"

"Hapana."

"Jirani yangu mwenye kifua?"

"Ni karibu zaidi."

"Somoe wangu? Sema, Tindwa, usinikate maini!"

"Karibu zaidi ya hapo, mama."

Bi Kheri akatazama huku na huku. Jikoni hapakuwa na mtu mwingine.

"Si kufa kwa kuumwa," Tindwa akaharakisha. "Ni kufa kiutawala. Hutasikia chochote. Mjomba wangu alikufa hivyo kupisha barabara, na hivi tunavyozungumza yuko kijiweni anacheza bao."

Akamweleza. Nchi ilikuwa na Kanuni ya Sauti za Kudumu. Chochote ambacho watoto watakiamini, iwe picha ya kwenye noti, jina la barabara au sauti ya kufundishia, sharti kiwe cha marehemu. Walio hai wana tabia ya kubadilisha maneno. Kulikuwa na mwimbaji aliyeimba wimbo wa kunawa mikono, ukapigwa redioni nchi nzima, halafu siku moja akasimama barabarani akauliza maji yako wapi. Tangu hapo serikali ilijifunza. Marehemu hana swali.

"Basi uondoeni huo mchezo," Bi Kheri akasema.

"Umeshasifiwa. Kitu kilichosifiwa hakiondolewi, mama. Huondolewa mtu."

"Na Mize?"

"Atapata nafasi shuleni, na Somoe ataendelea na kazi yake ya kugonga mihuri. Mradi tu wasiongee na wewe. Kuongea na marehemu ni ushirikina, na ushirikina una kifungo."

Bi Kheri akakitazama kiatu cha shule cha Mize mlangoni, kipya, kimejazwa karatasi kisikunjike. Akafikiri kwamba mambo yote ya nchi ile huanza kwa kishindo na kusahauliwa kabla ya mvua nyingine.

"Ni kwa muda gani?"

"Kufa?"

"Ndiyo."

"Hapo," Bwana Tindwa akasema, "kanuni iko kimya."

* * *

Matanga yalikuwa makubwa. Wizara ilileta turubai, viti na mbuzi. Watu walifurika mpaka uani, na Bi Kheri, Mungu amsamehe, alifurahi. Nyumba haikuwahi kujaa namna ile. Alikaa jikoni, maana wapishi wa wizara walikuwa wanaunguza pilau na yeye hakuwa tayari kuaibishwa kwenye msiba wake mwenyewe.

Mwanzoni watu walilia huku wakimkonyeza. Jirani mwenye kifua alipita jikoni akanong'ona, "Umependeza, marehemu." Lakini kilio ni kama mafua. Mmoja akakumbuka chai ya Bi Kheri, mwingine akakumbuka alivyomkeshea mwanawe hospitalini, na mchana ulipogeuka watu walikuwa wanalia kweli. Bi Kheri naye, akiwa na sufuria mkononi, akajikuta analia pamoja nao, anamlilia mama mwema aliyeondoka mapema.

Ndipo akaingia Mama Ndembo, mtani wake.

Watu wa ng'ambo ya mto na watu wa Majengo Mapya ni watani tangu mababu. Akifa wa huku, wa kule huja, huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo wake na maneno yake, huwadhihaki wafiwa mpaka wacheke, na hairuhusiwi kukasirika. Bila hivyo matanga hayaanuliwi. Mama Ndembo alikuwa amevaa kanga ya Bi Kheri, ile ya maua ya komamanga, na amejaza mto kiunoni.

"Kachori moto!" akaita, anatembea kama meli inayotafuta gati. "Za jana, lakini moto! Hebu sogea, mwanangu, nikwambie habari ya fulani, usimwambie mtu, mimi mwenyewe nimewaambia wachache tu, huu mtaa!"

Watu wakaangua kicheko katikati ya machozi.

"Mwongo huyo!" Bi Kheri akafoka toka jikoni. "Mimi sitembei hivyo!"

Hakuna aliyegeuka. Bwana Tindwa akasafisha koo. "Atakayesikia sauti jikoni," akatangaza, "ajue ni mvuke."

"Mvuke mama yako! Kama mtani anaruhusiwa kusema, basi na mimi ni mtani wa Bi Kheri. Nani anamjua kunishinda?"

Tindwa akapekua kanuni zake. Palikuwa na mashindano ya watani. Hapakuwa na sehemu iliyosema mtani asiwe nani. Ikaamuliwa kila mmoja amwite Mize, na watoto waamue nani kamwiga marehemu vizuri zaidi. Kishikwambi kikawekwa katikati kama kipimo.

Mama Ndembo akaita. Watoto wakapiga makofi. Kisha Bi Kheri akajifuta mikono akafungua kinywa. Lakini alikuwa ameshinda kwenye moshi, na alikuwa ametoka kujililia. Koo lilikuwa kama gunia.

"Mi... ze."

Kishikwambi, kisichokaa jikoni wala kufiwa, kikaita papo hapo, laini, kama siku ile ya magodoro: "Mizeee!"

Watoto wakatazama kishikwambi, wakamtazama yule mama mwenye masizi. "Huyu siye," wakasema.

Mize peke yake alifungua mdomo. Somoe akauziba kwa kiganja, machozi yakimtiririka, kiganja hakilegei.

Mama Ndembo akatangazwa mshindi na, kwa kuwa wizara ilihitaji mtu wa kuhudhuria hafla, akateuliwa Kaimu Marehemu, akapewa ofisi na kiti cha kuzunguka.

* * *

Mnajua mtu anavyozoea kufa? Hazoei.

Bi Kheri alihamia chumba cha nyuma, cha kuwekea kuni. Asubuhi alikuta sahani imefunikwa mlangoni, kama sadaka. Alijua mkono wa Somoe kwa chumvi. Alipita mtaani akisalimia, na watu walioshiba chai yake miaka yote walimwaga maji mbele ya milango yao kwa heshima ya wafu, wakarudi ndani. Hakuna aliyemtukana. Angetukanwa angefurahi, angekaa kwenye mkeka aisimulie siku tatu. Mkeka haukuwa na mtu.

Na kila dirisha lilikuwa na yeye. Magharibi ilipokaribia, nyumba zote zilimsema kwa pamoja. Hapa anacheka, pale anasifu, kule anabembeleza: "Siyo hiyo, kipenzi. Jaribu tena, sina haraka." Watoto wakimwona njiani na kusikia sauti ile ikitoka kwenye koo la mtu, walikimbia wakipiga mayowe. Lililomtisha yeye si sauti. Ni ule ukimya katikati. Alisimama chini ya dirisha la mtu, herufi ikapita, kikaja kimya, na ndani ya kimya akajisikia akivuta pumzi.

Dirisha baya kuliko yote lilikuwa la nyumbani kwake.

"Mizeee!" kishikwambi kiliita.

"Abee, bibi!" Mize akaitikia, akikaa kitako mbele yake.

Bi Kheri alikuwa nje, ukutani, mkono mdomoni. Hakutaka nyumba tena, wala kanga, wala jina. Alilitaka lile neno moja tu, aitikiwe yeye.

Serikali nayo, ikishaonja kitu, haitoi kijiko. Ilionekana kwamba sauti ile inatiiwa hata na watu wazima, ikatiwa kwenye mashine za uchaguzi. Raia aliingia, akabonyeza picha aliyoipenda, na mashine ikamwambia kwa upole, "Siyo hiyo, kipenzi. Jaribu tena, sina haraka." Kweli haikuwa na haraka. Foleni zilikaa mpaka kila mtu akapatia. Babu mmoja alitoka akilia, anasema hajabembelezwa hivyo tangu mama yake afe. Matokeo yalikuwa mazuri mno, wakayapunguza.

* * *

Kitu kimoja tu kilikataa kwenda. Hakuna mtoto aliyemaliza herufi.

Wizara ilituma wakaguzi. Watoto waliijua A, wakaijua M, wakafika mpaka ukingoni kabisa, wakabakiza herufi moja, hapo wakaanza kukosea. Walikosea kwa makusudi, kwa bidii, kwa furaha. Wakaguzi hawakuelewa. Angekuwepo mtu wa kuongea na watoto angeambiwa mara moja: ukibonyeza herufi ya mwisho, bibi anasema, "Umemaliza, kipenzi. Kwaheri," na mchezo unazimika. Nani anataka bibi yake aseme kwaheri?

Na Siku ya Herufi ilikuwa imekaribia. Mheshimiwa Kapandila alishaahidi kwamba mtoto mmoja, Mize, mjukuu wa marehemu mwenyewe, angemaliza mbele ya umma. Kaimu Marehemu akatumwa kumbembeleza.

"Mimi ndiye bibi yako, bonyeza tu," Mama Ndembo akasema.

"Wewe siye," Mize akamjibu. "Wewe unanukia marashi. Bibi ananukia vitunguu."

Basi Bwana Tindwa akaja uani. Hakumtazama Bi Kheri; alisimama mbele ya ule mwavuli wa wizara uliokuwa umetundikwa ukutani akauambia:

"Ewe mwavuli. Laiti marehemu angekuwepo, tungemwomba aje siku moja tu amwambie mtoto abonyeze."

Bi Kheri akausogelea mwavuli. "Ewe mwavuli, mwulize huyo bwana: mjukuu wangu ataruhusiwa kuniitikia?"

Tindwa akapekua kanuni zake. "Ewe mwavuli, kwenye jukwaa, kwa mila ya utani, mara moja. Ratiba itamtaja kama Msaidizi wa Kaimu Marehemu."

"Mara moja?"

"Mara moja."

"Mwambie nitakuja," Bi Kheri akasema, na akaanza kukoroga maji ya asali kwa ajili ya koo.

* * *

Siku ya Herufi uwanja ulifurika. Mheshimiwa Kapandila alihutubia. "Ndugu wananchi, taifa lisilo na herufi ni kama, ni kama," akageuza karatasi, ukurasa haukuwepo, akaendelea na uliofuata, "na ndiyo maana nawashukuru." Makofi yakapigwa. Mbele kabisa palikuwa na kiti cha heshima chenye picha ya marehemu. Bi Kheri alipopanda jukwaani alikuta hakuna kiti kingine. Akaipakata picha yake akakaa.

Mama Ndembo, pembeni yake, akamnong'oneza bila kugeuza shingo. "Mtani wangu, nimechoka kuwa wewe. Watu wananishika miguu wanalia. Jana nimemwita mwanangu kwa sauti yako, akakataa kuja. Yangu siikumbuki."

Mize akaletwa mbele ya kishikwambi kikubwa kama mlango. Akapita herufi zote kama maji. Akafika ile ya mwisho, kidole kikasimama hewani. Kipaza sauti kilikuwa kinaning'inia juu ya kichwa chake.

Bi Kheri akainuka akapiga magoti karibu yake. Vitunguu vikamfikia mtoto kabla ya maneno.

"Nikibonyeza ataondoka," Mize akasema polepole.

"Ataondoka yule."

"Halafu nani ataniita?"

"Mimi."

"Mama amesema wewe ni kivuli, nikikuitikia nitafukuzwa shule."

"Leo hufukuzwi. Leo nimeruhusiwa. Bonyeza, kipenzi."

Mize akafumba macho, akabonyeza. Nyota zikamwagika. Jogoo akalala. Mashine ikasema, "Umemaliza, kipenzi. Kwaheri," ikazimika.

Kikaja kimya, na safari hii hakikuwa cha kurekodiwa. Bi Kheri akasimama. Hakuwa na moshi kooni, wala kilio. Akaita kama alivyoita barazani maisha yake yote:

"Mizeee!"

"Abee, bibi!"

Jamani. Mtoto alikuwa amemwekea bibi wa kweli neno lile tangu siku ya kiganja. Lilitoka likapasua uwanja. Wanawake wakajifunika nyuso. Walinzi waliofundishwa kutosikia chochote walisikia. Bwana Tindwa alijikuta ametamka "Naam, mama!" akajiziba. Bi Kheri alimkumbatia mjukuu wake, akawa haoni, hasikii, ameshiba.

Mheshimiwa Kapandila alikuwa mtu wa kwanza kupata akili. Akanyakua kipaza sauti.

"Mmesikia? Mmesikia itikio lile? Hilo ndilo lililokuwa linakosekana! Mchezo unamwita mtoto, lakini nani anamwonyesha mtoto namna ya kuitika? Ndugu wananchi, itikio hili limerekodiwa. Kuanzia leo ndilo Itikio la Taifa. Litatiwa katika kila kishikwambi, katika kila nyumba, kwa kudumu!"

Makofi yakapanda hadi mbinguni. Bi Kheri naye alikuwa ameanza kutabasamu, mpaka lile neno la mwisho lilipomfikia. Kwa kudumu. Akainua macho, akamwona Bwana Tindwa anamtazama mtoto, kisha anainamisha kichwa, kama mtu anayetafuta sukari ya kununua.

* * *

Tindwa alikuja mchana kweupe. Hakwenda uani, alibisha mlango wa mbele, akamkuta Somoe.

"Pole sana, Somoe."

Somoe hakuuliza nani kafa. Aliutazama mfuko wa sukari. Ulikuwa mdogo, wa robo. Akaketi palepale kizingitini, muhuri wa ofisi ukamdondoka mfukoni ukabingirika mpaka uani, ukasimama miguuni kwa mama yake.

Turubai lilikuwa dogo pia. Bi Kheri hakupika. Alisimama katikati ya watu akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka: kwamba mtoto huyu hapa, mshikeni, ana joto, mwoneni alivyo na jino la kung'oka! Watu waliinamisha vichwa. Mtu mmoja akaomba dirisha lifungwe, mvuke umezidi.

Mama Ndembo alitakiwa kuja kumwiga mtoto. Alivaa gauni dogo mkononi kama kikaragosi, akafungua mdomo, hakuweza. Akaondoka. Mtani ameshindwa, na matanga yale hayajaanuliwa mpaka leo.

Walipotawanyika, Mize akaburuta mkeka wake hadi chumba cha kuni.

"Bibi, na mimi nimekufa?"

"Kidogo tu, kipenzi."

"Shule siendi tena?"

"Tutaisomea hapa."

Mize akalitafakari hilo huku akilitikisa jino. "Basi sasa naruhusiwa kukuitikia?"

Bi Kheri akaitafuta kanuni kichwani, akazipita zote. Hapakuwa na iliyowakataza marehemu kuzungumza wao kwa wao.

"Unaruhusiwa," akasema, na akageukia ukutani mpaka uso ukamtulia.

Somoe alistahimili kwa kadiri anavyoweza kustahimili mama anayefunika sahani mbili mlangoni na kwenda zake kimya. Halafu asubuhi moja akavua beji ya kazi, akaenda kwa Bwana Tindwa.

"Wizara haihitaji sauti nyingine?" akauliza. "Yoyote. Hata ya kukohoa."

"Panga foleni," Tindwa akasema bila kuinua macho.

Ndipo Somoe alipoona foleni. Ilitoka mlangoni, ikazunguka jengo, ikaishia sokoni. Watoto wengine walikuwa wamesharekodiwa vicheko, wakafa kwa kanuni ileile, nao walikuwa na mama zao; mama zao walikuwa na waume, na dada, na majirani. Jirani mwenye kifua alikuwemo. Kukohoa alikuwa nako kwa kweli. Hata Mama Ndembo alikuwemo, hakuja kuomba: barua ilikuwa imemfikia kwamba baada ya kukaimu kwa uaminifu, sasa amethibitishwa kazini.

Hivyo ndivyo nyumba ya Bi Kheri ilivyojaa tena. Walijaa chumba cha kuni, wakajaa uani, mkeka ukaongezwa mkeka. Chai ilichemka. Wakasimuliana nani alikufa lini na kwa sababu gani, nani alilia kweli kwenye matanga ya nani na nani alikuja kwa pilau. Mama Ndembo alikuwa anajifunza upya sauti yake. Kila akiipata watu wanapiga vigelegele. Bi Kheri alipita katikati yao na sinia la kachori, kichwa hakimuumi tena. Ila mara moja moja alisita na kuwatazama, mmoja mmoja, akawagusa mabega kama anayehakikisha, kisha akaendelea.

Na magharibi ilipokaribia alisimama mlangoni.

"Mizeee!"

Nje, kwenye madirisha ya mtaa mzima, akina Mize wa vishikwambi wakaitikia wote kwa pamoja, safi, bila vumbi: "Abee, bibi!" Bi Kheri akasubiri, mkono kwenye mwimo wa mlango. Likaja la mwisho, limechelewa, toka nyuma ya lundo la kuni, na kachori mdomoni.

"Abee, bibi."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Mtaani taa hazikuwashwa. Nyumba zilikuwa tupu, vishikwambi vimewaka mezani, vinaitana na kuitikiana vyenyewe. Kimoja kilikuwa kimeuliza herufi, kikanyamaza, kikavuta pumzi, kikangoja kidole.

"Siyo hiyo, kipenzi," kikauambia ukumbi. "Jaribu tena. Sina haraka."